Ukuta Mweupe: Kutembelea Makumbusho, Sanamu na Tablo za Lubumbashi



Katika hivi vijitabu vyetu tumezoea kusema juu ya mambo ya mashamba: mahari, kilio, majina ya mapacha, mipaka ya wafalme. Ni vizuri, na tutaendelea. Lakini wengi wanaosoma kurasa hizi walizaliwa Lubumbashi, na hata wazazi wa wengine walizaliwa humo humo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910. Mji uliopita miaka mia moja hauwezi tena kuitwa mahali pa kupita. Una mapokeo yake. Kwa hiyo safari hii tunaomba ruhusa ya kusema juu ya vitu ambavyo mji umeweka mbele ya macho yetu: ndani ya Musée, kwenye njia kubwa, ku kuta, na ndani ya saloni zetu wenyewe. Tutasema vile tulivyoviona, na tutatoa hukumu yetu pia, maana kusifu tu hakumsaidii fundi.

1. Namna jambo lilivyoanza

Lilianza na ukuta. Chama kilimaliza kujenga ukuta wa kiwanja chake, na mtu mwema akatuachia rangi. Tukaita vijana sita wanaojua kazi ya mkono: watatu wanachora mabango ya maduka na ya vinyozi, mmoja anafua shaba, mmoja ni binti mshonaji anayechora mifano ya nguo, na wa mwisho bado yuko masomoni. Tukawaambia: kila mmoja alete karatasi yenye kuonyesha kitu gani kichorwe ku ukuta.

Baada ya juma moja walileta. Simba mwenye nywele nyingi. Mji wa nyumba ndefu usiku, na taa zake zote. Moyo wenye mabawa. Mwanamke mwenye shingo ndefu na mtungi juu ya kichwa, nyuma yake jua jekundu. Mikono yao ni mizuri, hatuwezi kusema uongo. Lakini papa mmoja wetu, aliyefanya kazi ya kompani miaka mingi, alishika ile karatasi ya mwanamke na kuuliza: «Huyu mama ni wa wapi?» Kijana akajibu: «Papa, sijue. Nilimukuta tu mu telefone.»

«Kumbe tunatia rangi yetu yote juu ya mama wa watu», akasema papa.

Tulicheka. Halafu kicheko kikaisha, maana tuliona kwamba na sisi wakubwa, kama tungeulizwa tuchore nini, hatungekuwa na jibu bora. Ndipo tukapatana: kabla ya kugusa ukuta, tutembee pamoja siku ya posho tatu, vijana na wazee, tuangalie vitu ambavyo mji wetu unavyo. Tusiende kuiga. Twende kuangalia.

2. Msalaba wa shaba ndani ya kioo

Siku ya kwanza tulienda Musée. Nyumba ile pamoja na teatri ya zamani, ambayo leo tunaiita Bâtiment du 30 juin, ni kazi za wajenzi wa akina Claude Strebelle, zilizoanza katika miaka ya 1950. Watu wengi wanapita karibu kila siku na hawajaingia hata mara moja. Binti mshonaji alisema wazi: «Mi nilijuaka ni ya bazungu na ya batoto ba masomo.» Na hilo tunaliandika kama kosa letu sote.

Ndani, kitu kilichotushika ni vyungu vya Sanga na misalaba ya shaba. Sanga iko karibu na ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Wachimbuzi walianza kufukua makaburi yake mwaka 1957, na katika miaka ya 1970 kazi hiyo ikaendelea pamoja na Pierre de Maret. Walikuta wafu waliozikwa miaka elfu moja iliyopita na vyungu vizuri sana, na vitu vya chuma, vya shaba na vya pembe. Vyungu vile vinatosha kumnyamazisha mtu anayesema kwamba usanii wetu ulianza na Wazungu.

Lakini msalaba ndio uliotupa somo. Katika makaburi ya zaidi ya miaka mia sita iliyopita, msalaba ni mkubwa, tena mara nyingi ni mmoja, umewekwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi yaliyofuata, misalaba inakuwa midogo na mingi, inakaribia kulingana ukubwa, na inakaa karibu na mikono au kiuno. Wachimbuzi wanaelewa hivi: kile kilichokuwa kitu cha heshima kiligeuka pole pole kuwa feza. Mtu aliyekufa hakuvikwa tena, alilipiwa safari.

Halafu endelea na hadithi. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, msalaba ule uliwekwa ku bendera, mara tatu. Mwaka 1961 ukawekwa ku feza ya chuma. Na leo? Leo fundi anauyeyusha mdogo kama kidole, anautia mnyororo, anauuza kwa wageni kama kishika-ufunguo. Kijana wetu mfua shaba anatengeneza vile kila siku. Alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akasema: «Mi nilikuwa ninasema ni modeli ya patron wangu.»

Hapa tunatoa hukumu ya kwanza. Musée inatuonyesha kitu, lakini kitu peke yake hakisemi. Msalaba mkubwa, msalaba mdogo, bendera, feza, kishika-ufunguo: hii ni hadithi nzima ya nchi, namna kitu cha kifua kilivyoshuka mpaka mfukoni. Inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sauti, na mtu anayejua, mbele ya watoto. Pasipo msimulizi, kioo kinabaki kioo. Luba walikuwa na lukasa, kibao cha mti chenye shanga na alama, na watu wa chama cha Mbudye walikisoma kwa vidole wakisimulia mambo ya wafalme. Hawakukiacha kibao kiseme chenyewe. Walijua kwamba kitu cha ukumbusho kinahitaji kinywa.

Na tukumbuke jambo moja jema. Kuanzia mwaka 2000, walimu wa Chuo Kikuu chetu pamoja na Musée walifanya kazi ya «Mémoires de Lubumbashi». Walikusanya masimulizi ya wakaaji wa mji, wakafanya maonyesho juu ya wanawake, mavazi na muziki mwaka 2002, na juu ya kazi ya zamani na ya leo mwaka 2004. Maisha ya watu wa makambi yaliingia mahali palipowekwa vitu vya wafalme. Tunasema: ile ndiyo njia. Nyumba ya makumbusho inapouliza watu, watu wanaingia.

3. Hangar: mwalimu aliyekataza kuiga

Siku ya pili tulikaa chini ya mti, tukaangalia picha za kazi za zamani ambazo mmoja wetu alizichunga katika kitabu. Tulisema juu ya Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua atelie hapa Élisabethville mwaka 1946, ile iliyoitwa «Le Hangar». Kwake walitoka Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy, wa ndege na samaki na nyoka. Na Mwenze Kibwanga, anayejaza karatasi kwa mistari mifupi iliyokaa pamoja kama majani ya mkeka. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na wengine wakaendelea katika Academie aliyoianzisha Laurent Moonens mwaka 1951.

Mwalimu huyu alikuwa na sheria moja: wanafunzi wasiige Wazungu. Hakuwapa masomo ya Ulaya. Aliwaambia watoe kitu kutoka ndani yao. Vijana wetu walifurahi sana kusikia hivyo, na mmoja akasema: «Njo vile! Kila mutu atoe yake!»

Tungependa kukubali upesi, lakini tuangalie vizuri. Katika tablo za Hangar kuna mto, kuna majani, kuna mnyama anayekula mwenzake, kuna mwindaji na mshale. Ni kazi nzuri, na jicho halichoki. Lakini vijana wale waliishi wapi? Waliishi katika mji wa treni, wa kipenga cha asubuhi, wa moshi wa shaba, wa kinga na wa posho. Kinga hatuioni pale. Moshi hatuuoni. Mwalimu aliwakataza kuiga Ulaya, lakini pole pole, kwa mapendo, aliwaonyesha pia Afrika gani anayoipenda yeye; na wanunuzi walipenda hiyo hiyo. Kwa hiyo «toa kitu kutoka ndani yako» haikuwa wazi kama inavyosikika. Kulikuwa mtu anayengoja mlangoni, na alijua mapema kitu gani kitoke.

Hatusemi hayo ili kuwadharau Pilipili na Mwenze. Mistari ya Mwenze peke yake ni shule. Binti mshonaji aliitazama, akatoa kipande cha kitambaa, akaanza papo hapo kujaribu namna hiyo kwa uzi. Tunasema tu kwamba tusidanganyike: yule mama mwenye mtungi na jua jekundu wa mu telefone ni mjukuu wa Hangar. Yeye pia ni Afrika iliyochaguliwa na mnunuzi wa mbali.

4. Saloni, mahali tulipokuwa na makumbusho bila kujua

Sasa tunafika mahali panapotuuma.

Wenye umri wetu wanakumbuka saloni za miaka ya 1970. Ulikuwa unaingia katika nyumba ya mfanyakazi, unakuta viti vinne na vitambaa vyake, redio, na ku ukuta tablo. Kama si Mamba muntu, yule mwanamke wa nusu samaki anayeleta utajiri na hasara, basi ni Inakale: mtu amepanda mti, chini simba, juu nyoka, ndani ya maji mamba, hana pa kukimbilia. Au ni Colonie belge: askari anampiga mfungwa fimbo, mzungu anaangalia, bendera juu. Mtu mwenye mshahara wa kawaida alinunua tablo kwa feza yake, akaitundika mahali ambapo kila mgeni ataiona. Mgeni akiiona, atauliza. Akiuliza, mwenye nyumba atasimulia. Tablo za namna hiyo zilisemwa kuwa za ukumbusho, na neno hilo halikuwa na maana ya kukumbuka tu. Lilikuwa na maana ya kitu kinachokufanya uwaze.

Yaani tulikuwa na makumbusho elfu, kila moja na msimulizi wake, hapa katika komini zetu, bila tikiti.

Kati ya wachoraji wale alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akaenda kuuza nyumba kwa nyumba. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na mwalimu Johannes Fabian, akamchorea historia nzima ya nchi, tablo 101, na kila tablo akaieleza kwa Kiswahili chetu cha hapa. Yeye mwenyewe alijiita mwandishi wa historia. Alichora wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika uwanja wa mpira mwaka 1941. Alichora Lumumba aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, na nyuma ya maiti akaweka misalaba mitatu ya Golgota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuonekana tena.

Zile tablo 101 ziko Amsterdam, Uholanzi. Zimetunzwa vizuri, na kitabu juu yao kilitoka mwaka 1996. Hatuna neno baya kwa waliozitunza: pasipo wao hatungejua lolote. Lakini fikirini: historia yetu iliyochorwa na mtoto wa mji huu, iliyoelezwa kwa lugha ya mji huu, mtoto wa Katuba au wa Kenya hawezi kuiona kwa macho yake. Watu wanalia, na ni haki yao, juu ya vitu vilivyochukuliwa kwa nguvu, kama ile sanamu ya Lusinga, mfalme wa Watabwa, iliyochukuliwa na askari Storms baada ya Lusinga kuuawa mwaka 1884, na ambayo iliishia Tervuren. Mwaka 2022 Ubelgiji ilileta Kinshasa kinyago kikubwa cha kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Ni mwanzo. Lakini tablo za saloni hazikuchukuliwa na askari. Tuliziuza sisi. Wakati mishahara ilipokauka, mgeni alikuja mlangoni na dola chache, na mama alikuwa anatafuta bukari ya watoto. Nani atamhukumu? Tablo ilitoka, na hadithi yake ikatoka nayo.

Tulipofika hapo, yule papa wa kompani alinyamaza. Kisha akasema kwamba na yeye alikuwa na Colonie belge. Aliiuza. Hakumbuki jina la mchoraji. Anakumbuka tu kwamba ku tablo ile, mke wa mfungwa alileta chakula, na watoto wake mwenyewe walikuwa wanauliza kila mara: «Ule mama atamupatia ile chakula, ao hapana?»

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote tuliyosikia katika hizo siku tatu. Tablo iliyomfanya mtoto aulize vile ilikuwa imemaliza kazi yake.

5. Sanamu na shimini

Siku ya tatu tulitembea katikati ya mji. Tuliangalia sanamu ya Moïse Tshombe upande wa Posta. Sanamu ya mtu mkubwa ina shida moja popote duniani: inataka utazame juu, haitaki uulize. Kwa watu wengine wa hapa Tshombe ni baba; kwa wengine jina lake lina uchungu wa kuanzia 1960 mpaka 1963, na wa yaliyofuata. Ndani ya kundi letu dogo walikuwepo wa pande zote mbili. Sanamu haikutusaidia kuzungumza. Tulisimama, tukapiga foto, tukaondoka. Tablo ya Tshibumba juu ya miaka hiyo hiyo ingetufanya tugombane mpaka jioni, halafu tule pamoja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi inayofunga maneno na kazi inayoyafungua, na tungependa wakubwa wanaoagiza sanamu waisikie.

Kutoka pale mtu akiinua macho anaona kitu ambacho hakuna msanii aliyekitengeneza: shimini ya kompani, na pembeni yake mlima mweusi wa takataka za shaba, terili. Kiwanda kilianza kuyeyusha mwaka 1911. Mlima ule ni jasho la baba zetu lililomwagwa, likakauka. Na tangu miaka ya 2000 unapunguzwa, maana ndani yake mna kobalti. Kwa hiyo hata kumbukumbu yetu nyeusi inauzwa kwa kilo. Shimini inachorwa kila mahali: ku mabango, ku mashati, ku makaratasi ya masomo. Imekuwa uso wa mji.

Kijana wa masomo alitoa shauri: «Basi tuchore shimini.» Wengine wakapiga makofi. Papa wa kompani akakataa. Alisema hivi, tunaandika maneno yake jinsi yalivyo: «Shimini munaichoraka paka yenyewe, sawa ua. Sisi tuko wapi? Chini kulikuwa bantu. Mwaka 2003 tuliondokaka elfu kumi na kitu, batupatia feza ya kwaga, ikaisha. Ile shimini yenye haina mutu chini, ile ni uongo.»

Wasiokumbuka wajue: mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10.000 katika ule mpango ulioitwa «départ volontaire». Nyumba nyingi za mji huu zina mwaka huo ndani yake.

Tunafikiri papa alisema neno la mchambuzi wa kweli. Alama ya mji ikichorwa mara nyingi bila watu, inakuwa kama ule msalaba wa kishika-ufunguo: inabaki umbo, maana inatoka. Na kuna msanii wa hapa aliyeona jambo hilo mapema. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo «Mémoire», alichukua foto za zamani za wafanyakazi na za mabwana wao, akazibandika juu ya foto zake za viwanda vilivyoharibika. Wale watu weusi na weupe wa zamani wanasimama sasa katikati ya kutu, wanatuangalia. Yeye naye alichukua picha za watu wengine! Hakuzichora yeye, hakuzipiga yeye zote. Lakini aliziuliza: ninyi mlikuwa wapi, na mahali penu pamekuwaje?

Basi telefone si adui. Tofauti iko katika swali. Kijana wetu alikuta mama wa mtungi, akamchukua bila kumuuliza jina. Baloji alikuta wafanyakazi ndani ya masanduku ya kompani, akawarudisha nyumbani.

Baloji na wenzake wa chama Picha walianzisha mwaka 2008 yale maonyesho ambayo leo yanaitwa Biennale de Lubumbashi. Nia yao ya kuleta kazi mbele ya wapita njia tunaisifu, na kupitia wao jina la mji limefika mbali. Lakini tuseme pia tunachokisikia katika komini: maneno ya maonyesho hayo mara nyingi ni marefu na ya Kifaransa cha shule, na mama wa soko anapita pembeni akidhani ni mambo ya wageni, sawa vile binti wetu alivyodhani juu ya Musée. Tshibumba aliuza nyumba kwa nyumba na kueleza kwa Kiswahili. Kama wasanii wa leo wangeongeza hatua hiyo moja, kugonga mlango na kueleza, kazi zao zingekaa.

6. Tulichopata

Wasomaji watauliza: na ukuta?

Vijana walileta karatasi nyingine. Si zote nzuri. Moja ina mambo mengi mno: shimini, msalaba, mamba, bendera, vyote pamoja kama duka la vitu vya safari. Tuliikataa, na kijana alikasirika kidogo. Tulimweleza kwamba kuchota katika mapokeo si kumwaga kikapu chote. Mwingine aliiga mistari ya Mwenze mstari kwa mstari. Tulimwambia: umeangalia vizuri, sasa sahau mkono wake, tafuta wako.

Tuliyoikubali ni ya binti mshonaji na mfua shaba, waliofanya kazi pamoja. Inaenda kutoka kushoto kwenda kuume. Kushoto, mtu amelala, na msalaba mkubwa juu ya kifua. Kisha misalaba inapungua, inapita mkono kwa mkono: mkono wa mfua shaba wa zamani, mkono wa mchukuzi, mkono wa mzungu, mkono wa mwanamke anayenunua unga, mpaka kuume kabisa ambapo mtoto ameshika kishika-ufunguo kidogo sana na anakitazama. Shimini iko, lakini mbali, ndogo, na watu wanatoka chini yake. Mtoto hachekeshi wala halii. Anauliza kitu, na mpita njia analazimika kutafuta anauliza nini.

Papa wa kompani aliangalia, akasema: «Sasa muko na bantu.» Halafu akaongeza kwamba mkono wa mchukuzi umechorwa vibaya, maana mtu aliyebeba mizigo hana vidole vya namna ile. Akaonyesha vyake. Binti alivichora upya.

Kuna wenzetu katika chama walioona kwamba mtu aliyelala ku ukuta wa chama ataleta bahati mbaya, tena kwamba wapita njia watadhani ni msalaba wa kanisa. Maneno yao yana uzito, nasi hatukuyamaliza siku hiyo. Tuliacha upande wa kushoto mweupe mpaka mkutano unaofuata. Rangi ya upande wa kuume imekwisha kukauka.

Jambo la mwisho ni ombi, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika kurasa hizi. Ndugu msomaji, kama katika nyumba yako, au kwa shangazi yako, au nyuma ya kabati la marehemu baba, kuna tablo ya zamani, hata kama imepasuka, hata kama panya wameila pembeni, usiitupe, tena usiiuze kabla hatujaiona. Ilete kwa chama. Hatutaichukua. Tutaipiga foto, tutaandika jina la mchoraji kama linajulikana, na tutamwomba mzee wa nyumba aisimulie kwa Kiswahili chake, hivi hivi, bila kusahihishwa. Kisha mtarudi nayo mkaitundike mahali pake.

Na mtoto akiuliza kama ule mama atampatia mfungwa chakula, msimfukuze akalale. Mjibuni.